Kifua cha Mtoto wa Mpira

Mwaka 1996 chuo chetu cha uuguzi, Dodoma, kilipata mtoto wa mpira kutoka Ulaya. Alikuwa na uzito wa kichanga kabisa, shingo inalegea, na kifuani amewekewa mapafu. Kazi yake ilikuwa kutufundisha kumwokoa mtoto anayezaliwa bila kupumua.

Mkuu wa chuo, Mwalimu Thobias, alimpenda kupita kiasi. Miaka ile vitu vipya ndiyo kwanza vinajaa madukani, na watu waliacha makochi yao na nailoni zake ili yasichakae. Basi mtoto naye akabaki na nailoni yake, kichwa mpaka miguu. "Atakayeichana atanitambua," alisema. Tulipanga foleni, tukabandika barakoa juu ya nailoni, tukabonyeza mfuko wa hewa huku tukihesabu. Kifua hakikutikisika. Tukajua ndivyo kilivyo. Mimi, Hana, nilipata alama za juu kuliko wote, na nilivyoringa nawaachia wenzangu wasimulie.

Mwezi wa tatu nikiwa zamu leba, wodi ya kujifungulia, mtoto wa mama mmoja wa Nzuguni aitwaye Loisi alizaliwa kimya. Mkunga alikuwa anahangaika na mama anayevuja damu kitanda cha pili. "Hana, mpe hewa!" alinipigia kelele. Nilimpa. Nilihesabu vizuri, sikukosea hata mara moja. Kifua hakikutikisika, wala mimi sikushtuka. Mtoto akafa nikihesabu.

Kila mtu alinipa pole na kusema nimefanya yote. Lakini tangu siku hiyo kila kichanga nilimpisha mwenzangu akishike. Nikafunga sanduku nirudi kwetu Mpwapwa, uuguzi basi.

Kabla sijaondoka akaja mkufunzi mpya, Sista Generosa, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo. Alimtazama mtoto wa mpira, akatutazama na sisi.

"Huyu mmemvalisha nini?"

Hakungoja jibu. Alichukua mkasi akaichana nailoni yote, Mwalimu Thobias akiwa mlangoni, mdomo wazi. Akainua kidevu kidogo, akabana barakoa, akabonyeza.

Kifua kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena.

Mpira mtupu ulikuwa unapumua mbele ya macho yetu, na mwili wote ulinisisimka. Wengine wakaanza kupiga makofi. Mimi nilikaa sakafuni, maana nilikuwa nimeelewa: kifua kisipopanda hewa haijaingia, na mtoto wa Loisi hakupata hata pumzi moja kutoka kwangu.

Nilimweleza Sista habari ya mtoto huyo mbele ya wote. Nilitaka anifukuze. Alinikabidhi mfuko.

"Kosa hili si lako peke yako. Ila sasa unajua. Bonyeza, macho kwenye kifua."

Nilibonyeza mpaka vidole vikafa ganzi.

Siku kumi baadaye, leba, mtoto wa kike akazaliwa wa bluu, kimya. Nikabana barakoa, nikabonyeza. Kifua hakikupanda. Nikarekebisha shingo, nikabonyeza tena. Kikapanda. Mungu wangu, kikapanda! Pumzi ya saba akakunja uso, akalia kwa hasira.

"Nesi, mbona unalia kuliko mtoto?" mama yake aliniuliza, anacheka.

Nilimlaza mtoto kifuani pake. Zamu ilipokwisha nilishika njia ya Nzuguni, nyumbani kwa Loisi. Yeye alikuwa bado hajaambiwa ukweli.