Mtani Haruhusiwi Kulia

Baba yangu, Kasonde, alikuwa na baa ya samaki kule Kamalondo, mtaa wa mji wa migodi huko Katanga. Samaki walikuja kwa lori kutoka Kasenga, kwenye mto Luapula, wamefunikwa barafu na maranda ya mbao, na kabla jua halijazama meza zilikuwa zimejaa: watu wa mgodi na wake zao, makarani, mafundi wa reli. Mama alikaanga samaki mpana aitwaye pale. Mpumbu, samaki mwingine wa mto ule, alimchemsha kwa nyanya na pilipili. Gitaa lilikuwa la Edouard, Muluba wa Kasai, mtu mwembamba ambaye aliweza kumaliza samaki wawili wakubwa kabla ya kugusa nyuzi.

Kwetu Luapula, sisi wa ukoo wa Samaki tuna watani wetu, nao ni ukoo wa Mamba. Mtani hukutukana mbele za watu nawe hukasiriki. Siku ya msiba ndiye anayemtukana marehemu mpaka wafiwa wacheke, na yeye mwenyewe haruhusiwi kulia. Edouard hakuwa wa koo hizo. Lakini baba alipoona jinsi anavyokula, alimtangaza kuwa mwana wa Mamba, na tangu hapo mchezo ukawa wa kila jioni.

"Muluba weye!" baba aliita kutoka jikoni. "Umekuja Katanga kutumalizia samaki. Rudia kwenu Kasai!"

Edouard hakuacha kupiga. "Nitarudia, Kasonde. Lakini kwanza mama Léonie aongeze ingine. Bantu ya Kasenga munajua kuvua tu, kula hamujue."

Watu walipiga meza kwa vicheko, nami Léonie nikiwa kati yao. Mujinga, mke wa Edouard, alikaa karibu na wapiga muziki, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Kisha Katanga ikajitenga na nchi. Mwaka uliofuata, vijana wenye mapanga na minyororo ya baiskeli walianza kupita kwenye nyumba za Wakasai, kuwafukuza. Edouard na Mujinga walikimbilia kambi nje ya mji, chini ya ulinzi wa askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa, pamoja na maelfu ya wenzao. Jeannot, aliyekuwa akimfuatisha Edouard kwa kupiga chupa kwa msumari, akashika gitaa. Baba alituma samaki wakavu kila alipopata mtu wa kuwafikisha.

Mvua zilileta kuhara kambini. Asubuhi moja tukapata habari kwamba Edouard amekufa.

Baba alivaa koti lake la Jumapili. Mama akamzuia mlangoni. "Baba Léonie, kule watakuua. Weye ni Mukatanga."

"Mutani wake ni mimi. Nani mwingine atamutukana? Azikwe sawa muntu asiye na rafiki?"

Nikaenda naye, kwa kuwa mama aliamini hawatampiga mtu aliyefuatana na binti yake.

Tulipita kati ya vibanda vya magunia na mabati, moshi ukituingia machoni. Edouard alilazwa juu ya mlango uliong'olewa mahali fulani, amefunikwa kitenge cha Mujinga. Hatua chache kutoka hapo wanaume walikuwa wakichimba. Baba alisimama miguuni pa marehemu na kuanza kwa sauti ile ile ya jikoni:

"Muluba weye, mlafi! Umekuja Katanga kutumalizia samaki!"

Kilio kilikatika. Wachimbaji walitoka shimoni, mmoja na sepetu yake mkononi. Katika wale hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kula kwetu. Hawakujua kwamba ni utani; nikamvuta baba koti. Baba aliiona sepetu, lakini mtani akishaanza hakatishi.

"Haya, inuka! Rudia kwenu!"

Mujinga akasimama kati yake na wale wanaume, akawaambia maneno ya Kiluba ambayo sikuyaelewa. Sepetu ikashuka. Kisha akamgeukia baba, akamshika mkono.

"Baba Léonie, mimi najua. Edouard naye alijua. Lakini siku ile walipovunja mlango yetu, maneno yao ilikuwa hii hii. *Rudia kwenu.* Siwezi kuicheka tena."

Njia nzima nilikuwa nimemsikia baba akijaribu matusi yake, akichagua yale yaliyomchekesha Edouard zaidi.

"Basi nifanye nini, mama?"

"Lia. Lia sawa bantu bengine."

Hakujua aanzie wapi. Alivua koti akanipa, akamwomba yule mtu sepetu, akashuka shimoni akaanza kuchimba. Kutoka huko chini nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa baba yangu. Wanaume walisimama pembeni wakimtazama. Shimo lilikuwa limeshafika kina chake, ila hakuna aliyemwambia.

Baa haikufungwa. Lori la Kasenga liliendelea kuja, barabara iliporuhusu, na Jeannot alipiga vizuri tu. Wateja wa zamani walimwomba baba amtukane Jeannot kidogo, wachangamke. Baba aliwauliza wanataka samaki gani, pale au mpumbu.