Trei ya Mama Mkwe

Mtafiti wa mbegu alikuwa na trei nyingi za alizeti kitaluni, kila trei na ukoo wake, na namba za koo hizo hazikumkaa kichwani hata kidogo. Basi akazipa majina ya ukweni. Mbegu zilizochomoza mapema bila kuitwa, ganda bado linaning'inia kichwani, akaziandikia kibao cha "Wifi". Zilizoota kwa zamu, hii leo, ile keshokutwa, zikawa "Mama Mkwe". Na trei ambayo udongo wake haukuwa umetikisika aliiita "Baba Watoto".

Siri ingedumu kama wifi yake asingepita kazini kuchukua ufunguo wa nyumba. Alisoma vibao kimyakimya, akainamia mche mmoja.

"Wifi, mimi nina shingo ndefu namna hii?"

"Ni mche tu, wifi yangu."

"Haya."

Akaondoka akitabasamu, na tabasamu la wifi si la kuliamini. Kesho yake alirudi na mama yake.

Mtafiti alimwamkia. Mama mkwe akaitikia, akapita trei kwa trei, mikono nyuma kama mkaguzi, hadi akafika kwenye jina lake.

"Mbona huyu mwenzangu hana msimamo? Wengine wameota, wengine bado."

"Ndivyo walivyozaliwa, mama. Udongo uleule, maji yaleyale, lakini kila mbegu imerithi haraka yake. Wakiota wote siku moja, jua likawachoma, ukoo umekwisha. Hawa wameweka akiba chini."

"Kumbe nina akili." Akamgeukia binti yake. "Umesikia, wewe wa kukurupuka?"

Wifi akanuna. Si hayo aliyoyafuata.

Kabla hajazuiwa, mama mkwe akaifukua kwa kidole ile trei iliyolala ya Baba Watoto. "Mwanangu mzima huyu, ana kimzizi. Mtu asimmwage."

Mtafiti alikuwa amepanga kuimwaga siku hiyohiyo, akaiacha. Koo nyingine zote zilipokwisha kupimwa, Baba Watoto wakachomoza kwa mkupuo, vishina vinene, wamesimama wima. Aliona haya, na moyo ukamlainika. Akampigia mumewe simu aje ajionee.

"Niko njiani," mume akasema, sauti nzito ya mtu aliye kitandani.

Alipofika, mlinzi alikuwa ameshafunga geti, na mkewe yuko nyumbani anaosha vyombo.