Swali la Nyumbani

Hakuwa na shahada. Hakuwa na gari, na hakuwahi kulitamani. Hakuwa na ile sauti nzito ambayo watu hudhani kila mtangazaji huzaliwa nayo. Yake ilikuwa nyembamba, na ikipanda ilikwaruza. Nywele hakuwa nazo. Hakuwa na mtu wa kumwambia kuwa kola yake imekaa upande. Na tangu mkewe aende kwa binti yao kulea mjukuu, hakuwa na mtu wa kubishana naye asubuhi. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, ingawa hakuna aliyewahi kulisikia likitoka kinywani mwake.

Alichokuwa nacho ni kipindi. Kila Alhamisi asubuhi aliketi redioni na mtaalamu mmoja, wakazungumza mpaka mtu wa kawaida aelewe. Wasikilizaji walimwita Mzee Kwanini, maana hakuliachia neno gumu lipite bila kulisimamisha na kulidai kitambulisho. Elimu yake aliipata kwenye darasa la jioni, baada ya kazi, macho yakiwa mazito. Vyeti vyake alivitundika sebuleni kwa kufuata ukubwa wa fremu, kwa hiyo cheti cha kupiga chapa kilikaa juu ya cheti cha uchumi. Mkewe alimcheka kwa hilo kila alipopangusa vumbi.

Kipindi kilikuwa na desturi moja. Swali la mwisho halikuwa la mtangazaji. Liliitwa swali la nyumbani, na lilitoka kwa mkewe. Wakati wa chai alimsimulia habari za mgeni ajaye, na mkewe, muuguzi mstaafu, alisikiliza huku akikunja nguo. Mwishoni alisema, "Haya, baba, yote nimeyasikia. Sasa mimi nifanye nini?" Hapo ndipo swali lilipozaliwa. Mkewe alipoondoka walikubaliana kwamba atakuwa akilituma kwa simu.

"Nakaa kidogo tu," alisema siku ile akifunga sanduku. "Mtoto akianza shule narudi."

"Kaa utakavyo, mama. Mimi si mtoto wa kunyonya."

Alilisema hilo ili moyo wa mkewe uwe mwepesi njiani. Sasa mtoto alikuwa ameshaanza shule, anajua kuhesabu na kukataa kulala, na hakuna aliyetaja kurudi. Yeye alingoja mkewe aseme. Pengine huko na yeye alingoja aambiwe. Watu wawili waungwana wanaweza kusimama mlangoni wakipishana, "Tangulia wewe," "Hapana, wewe," mpaka jua lizame.

Mwezi ule wageni watatu walifuatana. Wa kwanza alikuwa mwanamke mcheshi ambaye kazi yake ni kuzisaidia hospitali kujitangaza. Swali la nyumbani lilifika mapema: "Kwa nini wagonjwa kwenye mabango ya hospitali wote wanacheka? Nimefanya kazi wodini maisha yangu yote, huyo anayecheka sikumwona."

Mgeni alicheka mpaka akashika meza. "Mwambie mama ana haki. Hospitali nyingi zinajisifu. Sisi bora, sisi mashine mpya. Mgonjwa hatafuti bora, mzee. Anatafuta mlango, na mtu wa kumwambia kwamba anatarajiwa."

"Anatarajiwa?"

"Ndiyo. Mtu akiumwa huona haya. Anajiona mzigo. Usipomwita kwa jina lake hatakuja, hata kama mlango uko wazi."

Mzee Kwanini aliitikia kwa kichwa, akaendelea na swali lingine. Lakini neno lile alirudi nalo nyumbani.

Wa pili alikuwa profesa anayechunguza mwenendo wa wanunuzi: wananunua nini, na kwa nini wanahama duka moja kwenda jingine. Huyu alizungumza polepole kama anayepima kitambaa. "Mteja anayelalamika bado ni wako," alisema. "Anakulalamikia kwa kuwa anataka kubaki. Mwogope anayenyamaza. Huyo miguu iko nje tayari."

Jioni ile aliketi na chai yake, akakumbuka. Miezi ya mwanzo mkewe alikuwa akimfokea kwenye simu: godoro umelianika? soksi umeziondoa dirishani? dawa ya presha unameza, au unaitazama? Siku hizi aliuliza tu, "Hujambo, baba?" Akijibu hajambo, simu inachukuliwa na mjukuu, na mazungumzo yanageuka kuwa ya paka.

Soksi zilikuwa dirishani. Akazitazama, akaziacha.

Wa tatu alikuwa wakili wa sheria za uchaguzi, kijana mwembamba aliyekunywa maji ya moto na kubeba vitabu ambavyo hakuvifungua. Jioni ya kabla ya kipindi swali la nyumbani likaingia. Mzee Kwanini alilisoma amesimama jikoni, mwiko mkononi.

"Mtu aliyekwenda kukaa kwa mwanawe kwa muda, na muda ukapita, apige kura wapi? Huku wanasema ahamishe jina lake kabla ya mwisho wa mwezi."

Alilisoma tena. Maharage yakaungua. Alimjua huyo mtu. Alijua pia kwamba wakili akijibu "ahamishe," basi yeye atakuwa ameisikia hukumu yake hewani, mbele ya nchi nzima, na itambidi aseme "asante sana." Akachukua kalamu, akaandika swali lake mwenyewe kuhusu utaratibu wa foleni vituoni na haki za wenye ulemavu. Swali zuri, lenye faida kwa jamii.

Kesho yake kipindi kilikwenda vizuri mpaka mapumziko ya muziki. Fundi mitambo, mwanamke wa makamo mwenye ulimi mkali, alikuwa upande wa pili wa kioo akipitia karatasi aliyopewa. Sauti yake ikaja masikioni.

"Mzee wangu, hili swali la mwisho la nani?"

"La nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Mama hajawahi kuuliza kitu chenye 'utaratibu' ndani yake. Mama anauliza kwa maneno ya kutosha kijiko."

"Fundi, fanya kazi yako."

"Naifanya. Kazi yangu ni kusikia mlio usio mahali pake." Akapunguza muziki. "Mama yuko huko anasikiliza, mzee. Akisikia hilo atajua swali lake umelitupa."

Hilo hakuwa amelifikiria. Taa nyekundu ikawaka. Akajikaza kisabuni, akatoa simu mfukoni, akalisoma swali la mkewe kama lilivyokuja, neno kwa neno, na sauti yake ikakwaruza.

Wakili hakufikiri sana. "Hapa watu wengi hukosea. Wanadhani sheria inauliza unalala wapi. Yetu inauliza ukitoka, unanuia kurudi wapi. Unaweza kukaa mahali miaka na ukawa mgeni."

"Na nia hiyo inapimwaje?"

"Kuna ishara. Vitu vyake viko wapi, barua zake zinakwenda wapi. Lakini mwisho wa yote tunamuuliza mwenyewe."

"Na mwenyewe asipojua?"

Wakili akatabasamu. "Huyo hana shida ya sheria, mzee. Ana shida ya nyumbani. Kwani huko alikotoka, kuna mtu aliyemwambia arudi?"

Mzee Kwanini alifungua kinywa. Swali halikuja. Jibu pia halikuja. Redioni kimya ni kama maji yanayomwagika; kila mtu huyakimbilia. Nyuma ya kioo Fundi alipunga mikono, kisha akaishusha, akaweka muziki taratibu.

Wakili alipokwisha kuaga, Fundi aliingia studio akivuta waya.

"Umeme ulikatika kichwani, mzee?"

"Ulikatika."

"Mpigie."

"Kwenye simu mimi ni mtangazaji. Nitamkaribisha, nitamshukuru, kisha nitampa mjukuu nafasi ya kufunga."

"Basi andika. Kuandika si ulisomea usiku? Usomi wote huo uliuweka akiba ya nini?"

Akaketi pale pale, upande wa nyuma wa karatasi ya swali la foleni. Barua ya kwanza ilikuwa na kwanza, pili na tatu, na methali katikati. Aliisoma kwa sauti kama asomavyo taarifa zake, na alipofika mwisho akamsikia mkewe waziwazi: haya, baba, sasa mimi nifanye nini? Barua haikuwa imesema. Akaichana, akaomba karatasi nyingine.

"Mama,

Nilikuambia ukae utakavyo. Sikusema kweli. Nilitaka urudi tangu basi halijakata kona.

Kupika naweza. Maharage nimeyaunguza jana, lakini kwa kawaida naweza. Kwa hiyo sikuiti unitunze. Nakuita kwa sababu nikisikia jambo geni natazama kiti chako kwanza, na kiti hakinibishii.

Ukiona kwako sasa ni huko, andikisha jina lako huko, nami nitalijua na nitakuja kukutembelea kama mgeni mwenye adabu. Ila usihame kwa kudhani hutakiwi. Unatakiwa. Unatarajiwa.

Soksi ziko dirishani. Njoo unifokee."

Hakuisoma kwa sauti. Alijua akiisoma ataitengeneza, na akiitengeneza itakufa. Fundi alitafuta bahasha kwenye droo, akaipata moja yenye nembo ya redio, akampa bila kuuliza yaliyomo, jambo lililomgharimu sana.

Mzee Kwanini akaandika anwani ya binti yake kwa herufi kubwa, akalamba gundi, akabana ukingo kwa kidole gumba mara mbili. Posta ilikuwa ng'ambo ya barabara. Alivuka, kola imekaa upande, akasimama mbele ya sanduku la barua akiwa ameishika bahasha kwa ncha, nusu ndani na nusu nje, mpaka mama mmoja nyuma yake akasema, "Baba, unatuma au unapunga hewa?"

"Natuma," akasema, akaiachia.