Dawa Iliyomwagwa Kwenye Sinki

Bi Sufuria alimwona mkwewe kwa macho yake mwenyewe akimimina chupa nzima ya dawa ya kuongeza damu kwenye sinki, kisha akafungulia maji isibaki hata harufu. Mkwe hakujua kwamba anaonwa. Bi Sufuria alirudi sebuleni kimyakimya, akakaa, akajifanya anasikiliza redio. Chupa ile alikuwa ameinunua yeye, kwa ajili ya mjukuu.

Jina la Bi Sufuria alipewa na wanafunzi wa shule ya bweni alikokuwa mpishi mpaka magoti yalipomgomea. Ndipo mwanawe mkubwa, dereva wa lori, akamchukua akae kwake. Dereva mwenyewe alikuwa njiani zaidi kuliko nyumbani, kwa hiyo ndani walibaki Bi Sufuria, mkwe, na mjukuu wa miaka saba waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Tangu siku ya sinki, Bi Sufuria alikaa macho. Mtoto alikuwa na viganja vyeupe visivyopendeza, macho yana umanjano kwa mbali, na akipanda ngazi anahema kama mzee. Yeyote aliyewahi kulisha watoto angejua huyu kapungukiwa damu. Sasa mama gani anamnyima mwanawe dawa? Na si dawa tu. Hata maini aliyoyakaanga Bi Sufuria yaliondolewa kwenye sahani ya mtoto. "Huyu maini hapewi, mama," mkwe alisema, basi, bila maelezo.

Halafu kulikuwa na vidonge. Mkwe aliviweka juu ya kabati, nyuma ya mabeseni, na kila baada ya mlo alimsimamia Chiriku mpaka ameze. Bi Sufuria alipouliza ni vya nini, alijibiwa, "Vya hospitali, mama," huku mkwe amempa kisogo. Asubuhi moja Chiriku alisahau kuvuta maji chooni. Bi Sufuria alichungulia. Mkojo ulikuwa mwekundu kama maji yaliyooshewa matofali.

"Anamtoa damu mjukuu wangu," alijisemea.

Hakumwambia mtu. Alinunua chupa nyingine, akaificha kwenye mkoba wake, na kila mkwe alipoingia kuoga alimwita Chiriku, akampa kijiko.

"Hii ni siri yetu."

"Siri kubwa au ndogo?"

"Kubwa."

Mtoto alilamba kijiko, akaapa.

Mkwe alipotangaza kwamba anampeleka Chiriku hospitali na watashinda huko, Bi Sufuria alikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

"Usijisumbue, mama. Kule ni kukaa tu."

"Nani kakwambia nasumbuka? Kukaa naweza."

Mkobani alikuwa na chupa yake, na kidonge kimoja alichokichopoa juu ya kabati, kimefungwa kwenye leso. Alitaka kumuumbua mkwe mbele ya watu.

Wodini watoto walikuwa wamejilaza kwenye vitanda vilivyopangana, kila mmoja na mfuko wa damu ukining'inia juu yake, wakicheza karata na kutaniana kama wako kwao. Chiriku aliparamia kitanda, akanyoosha mkono mwenyewe. Bi Sufuria alisubiri sindano iingie na damu ianze kushuka, kisha akavitoa vitu vyake, akaviweka juu ya shuka.

"Nataka kujua," alimwambia muuguzi, "kipi kati ya hivi kinamdhuru mjukuu wangu."

Muuguzi alikitupia kidonge jicho moja, akakiacha. Chupa aliishika, akaisoma, uso ukabadilika.

"Hii nani anampa?" Alimkazia macho mkwe. "Si tulikubaliana hapa hapa?"

Mkwe alitikisa kichwa. Bi Sufuria akajifanya anakunja leso. Wote wakasikia sauti kutoka kitandani.

"Bibi, siri bado ni kubwa?"

Mkwe aligeuka taratibu. Alimtazama mama mkwe wake kwa namna iliyomfanya Bi Sufuria atamani sakafu immeze.

Muuguzi alivuta kiti, akamkalisha. "Ugonjwa wa Chiriku unaitwa thalasemia, mama. Chembe zake nyekundu hazitengenezeki vizuri, zinavunjika mapema, ndiyo maana tunamwongezea damu maisha yake yote. Lakini damu hiyo inakuja na madini ya chuma, na mwili hauna pa kuyatolea. Yanajaa kwenye moyo na ini. Vidonge ndivyo vinavyoyatoa, na mkojo mwekundu ni rangi ya dawa ikiwa kazini. Chupa yako imejaa chuma. Wewe unamwaga ndani, mama yake anachota nje."

Bi Sufuria hakukubali kushindwa. "Kwetu ugonjwa huo haupo. Huo ni wa upande wa mama yake."

"Ungetoka kwa mama peke yake, asingeumwa hivi. Lazima awe ameurithi kwa baba pia. Mtu anaweza kuubeba asijijue."

"Mwanao alipimwa pamoja na mimi, mama," mkwe alisema. "Akanikataza nisikwambie."

Bi Sufuria alimwona mwongo. Alitoka kwenye korido, akampigia dereva, akamwuliza bila salamu.

"Ni kweli, mama," dereva alisema. "Niliogopa utajilaumu. Au utamlaumu yeye."

"Na ndivyo nilivyofanya," alijibu, akakata simu.

Alirudi wodini, akakunja mkono wa blauzi, akataka naye apimwe. Majibu yalipotoka, yalionyesha kwamba na yeye ni mbebaji. Hapo akili yake ikamrukia kitinda mimba wake, binti aliyekuwa amekwisha kuvishwa pete. Muuguzi alikuwa amemweleza wazi: wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaa mtoto kama Chiriku. Bi Sufuria alimwita binti na mchumba wake, akataka wapimwe kabla ya harusi. Mchumba alimtazama kwa kumshuku.

"Mama, kama hunitaki niambie tu. Mambo ya damu ya nini?"

"Kapime, mwanangu. Ukirudi unishuku vizuri."

Walipima. Binti alikuwa mbebaji, mchumba hakuwa. Watoto wao huenda wakabeba, lakini wasingeumwa kama Chiriku. Harusi ikaendelea.

Kwa mkwe mambo hayakupoa upesi hivyo. Bi Sufuria aliomba radhi, mkwe akasema yameisha, lakini vidonge vilihamia kwenye droo yenye kufuli na funguo akatembea nazo yeye. Bi Sufuria hakulalamika. Miezi ilipita ndipo mkwe, akiwahi kazini, akamkabidhi funguo na kumwelekeza: baada ya chakula, na maji mengi. Alifika mlangoni, akasita, akarudi kuchungulia jikoni. Bi Sufuria alimwona, akanyanyua kidonge juu mkwe akione, kisha akampa mtoto.