Kiti cha Katikati

Sindano alifumbua macho kwa sababu alikanyagwa. Kama si kisigino cha muuza vitabu, mtu mzito ambaye tangu ajiunge na kikundi chao cha sala hajawahi kujua mguu wake wa kushoto ni upi, angeendelea kuzunguka huku amefumba macho kama wenzake wote, akivuta pumzi na kuitoa, akijiona yu jirani na malaika.

Alichokiona katikati ya duara kilimpandisha damu kichwani. Dada yake alikuwa anacheza.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, pale pale walipomweka, shada la maua limelazwa mapajani, na mguu wake wa kulia, ule uliobaki mzima, ulikuwa unapiga hatua sakafuni: mbele, kando, nyuma, tulia. Hakosei. Uso wake haukuwa uso wa mtu aliye katika ibada. Ulikuwa uso wa mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe huku anasikia watu wanakula ndani.

Na nyumba ilikuwa yake kweli. Duara lile alilianzisha yeye, alipofiwa na mumewe na kuchoka kulia kitandani. Alikodi chumba nyuma ya duka la fotokopi, akakifagia, akakusanya wanawake wachache wenye misiba yao, akawaambia washikane mikono, waende polepole, wasiseme neno, warudie hatua ile ile mpaka kichwa kichoke kubishana na moyo. Sala ya miguu, ndivyo alivyoiita. Watu walicheka, kisha wakaja. Hata mdogo wake, fundi cherehani aliyepewa jina la Sindano kwa ajili ya kazi yake na zaidi kwa ajili ya ulimi wake, alikuja kuchungulia apate la kusimulia mtaani, akabaki. Mle ndani ulimi wake ulipata mapumziko, na yeye mwenyewe alishangaa jinsi ulivyoyahitaji.

Kisha Dada akapigwa na kiharusi. Mkono wa kushoto ukalala, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakawa yanatoka moja moja.

Sasa, katika duara lao kila mkono una kazi yake. Wa kushoto hugeuzwa kiganja juu, hupokea. Wa kulia hugeuzwa chini, hutoa. Kinachokuingia hakikai kwako, unampa jirani. Aliyeshika uongozi Dada alipokuwa hospitali, mstaafu mmoja wa shirika la bima ambaye hawezi kuanza sentensi bila “vuta pumzi”, hata wakamwita Pumzi, alilitafakari jambo hilo na kuona kwamba duara likipitia mkono usioshika litavuja. Ndipo akapata wazo lake zuri. Badala ya mshumaa na bakuli la maji, katikati akae Dada. Mama mwanzilishi awe kitovu chetu, alisema, na watu wakatokwa machozi. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Watu wale wa utulivu, ajabu yao, hawakuwa na subira ya kungoja sentensi moja ifike mwisho.

Na kwa kuwa sala ile huchezwa macho yakiwa yamefumbwa, wiki baada ya wiki walimzunguka na hakuna aliyemwona.

Sindano alisimama. Muuza vitabu akamgonga ubavuni, muuguzi mmoja wa kikundi akamgonga muuza vitabu, na duara zima likajikunja upande mmoja. Filimbi iliendelea kulia kwenye spika.

“Zimeni muziki,” alisema Sindano.

“Vuta pumzi, mama,” alijibu Pumzi, bado amefumba. “Kilichokujia kiache kipite.”

“Kimenijia na hakipiti. Fumbua macho, mzee wangu, umtazame dada yangu.”

Pumzi alifumbua jicho moja, kisha la pili. Alitabasamu. “Namwona. Amejaa nuru.”

“Amejaa hasira. Mmemgeuza chombo cha maua.”

“Jamani,” alisema muuguzi, kwa sauti ile anayowatulizia wagonjwa, “hapa ni mahali pa ibada. Hasira tunaiacha mlangoni pamoja na viatu.”

“Viatu nimeviacha. Hasira nimeingia nayo.” Sindano aliwageukia wote. “Hatua mnazojua mmefundishwa na nani? Wewe mzee ulikuja hapa unatembea kama umemeza rula, akakushika mabega akakulegeza, akakuvumilia. Leo mkono wake umelala, mnasema eti atavujisha. Kuvuja kitu gani? Nyie ni mabomba?”

Muuza vitabu aliangua kicheko, akaona kicheko hakina mwenzake, akatazama chini.

Uso wa Pumzi ulikuwa umebadilika. Alikuwa mtu mwema kwa namna yake, na watu wema wakikosolewa huumia vibaya. “Tulimpa nafasi ya heshima kuliko zote,” alisema. “Kama haipendi, mbona hajasema?”

Hapo ndipo Sindano alipopandwa na hasira ya kumrarua mtu. “Atasema saa ngapi, na nyinyi mnamkatiza kila akifungua mdomo? Dada anataka kurudi kwenye duara. Dada hataki maua yenu. Dada anataka—”

“Nya… maza.”

Shada lilikuwa limeanguka. Dada alikuwa ameinua mkono wa kulia.

“Umesikia?” Sindano alimgeukia Pumzi. “Nyamaza.”

“Wewe,” alisema Dada. Kidole hakikuelekea kwa Pumzi. Kilimwelekea mdogo wake.

Mtu alizima muziki. Walingoja, na huenda hiyo ndiyo mara ya kwanza chumba kile kumngoja tangu augue.

“Hawa… wageni,” alisema Dada. “Wewe… tumbo moja na mimi. Unanivisha. Unanileta. Unanikalisha hapo.” Alipumzika. “Halafu unazunguka. Hata wewe.”

Sindano alitaka kusema kwamba hakuona, kwamba ibada yenyewe inataka macho yafumbwe. Lakini nani alimfumba? Alikumbuka jinsi alivyojisikia vizuri wiki zile zote, mwepesi, kama aliyetua mzigo, na sasa alijua mzigo wenyewe aliutua wapi.

“Nilikuwa nakuita,” alisema Dada.

“Sikukusikia, Dada. Uliniita lini?”

“Kwa mguu.”

Dada alishika ukingo wa kiti kwa mkono mzima, akaanza kusimama. Sindano aliruka kumshika, na Dada akamtikisia kichwa. Alimwita muuguzi kwa kidole, akamwonyesha mkono uliolala, na muuguzi, ambaye kushika mikono isiyoshika ndiyo kazi yake, akamkamata kifundo cha mkono. Upande wa pili akamtaka Pumzi. Mzee alikuja kichwa chini kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, akageuza kiganja juu, akapokea.

“Na mimi nikae wapi?” aliuliza Sindano.

Dada alimwonyesha kiti.

Hasira yote aliyoingia nayo ilikuwa bado ndani yake, haijapungua hata chembe, ila sasa haikuwa na mtu mwingine wa kumwendea. Alifungua mdomo abishe. Aliufunga, akaenda, akaketi. Plastiki ilikuwa bado ina joto la dada yake.

Wakaanza bila muziki. Mbele, kando, kisha mguu wa kuburuta ukafuata taratibu, na wote wakalazimika kuungoja. Duara halikuvuja. Lilienda kwa mwendo wa Dada, na hakuna aliyethubutu kufumba macho.

Dada alipofika mbele ya kiti alimtazama mdogo wake usoni, na hakutabasamu.

“Nikae mpaka lini?” Sindano alimuuliza kwa sauti ya chini.

“Mpaka… nichoke,” alisema Dada, akapita.

Hakuchoka upesi.