Ua la Ndani ya Kifuniko

Katika karakana yetu ya majeneza, kazi yangu ndiyo ya mwisho. Fundi akishamaliza kupiga randa, kuunganisha na kupaka vanishi, kifuniko huletwa mezani kwangu kikiwa kimegeuzwa, nami huchora ua moja upande wa ndani. Jeneza likishafungwa, hakuna mtu duniani anayeliona tena ua hilo. Linamtazama marehemu peke yake.

Wateja wapya hushangaa. "Sasa nani ataliona?" huuliza.

Fundi wetu, ambaye mtaa mzima unamwita Randa, ana jibu lake. "Mwenyewe ataliona. Na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika."

Miaka ishirini na sita nimefanya kazi hii nikiamini kwamba Mungu anaona hata kilichofunikwa. Kabla ya kushika brashi husali kidogo. Kisha huwauliza wafiwa swali langu moja: alipenda ua gani? Wakinitajia, nalitafuta likiwa bichi, naliweka kwenye glasi ya maji mbele yangu, ndipo nachora. Swali hilo nimewauliza watu wengi mno, wengine wakiwa bado hawajaweza hata kukaa kwenye kiti. Mama yangu mzazi sikuwahi kumwuliza.

Mama alikuwa mfagizi wa hospitali. Tulikaa chumba kimoja, yeye, dada yangu na mimi, na dirisha letu lilitazama ukuta wa jirani. Hapakuwa na hata jani moja la kuangalia. Nilipokuwa na miaka sita niliugua mguu, nikalala ndani miezi mingi. Jioni moja Mama alirudi na ndoo yake ya kazini, akainua matambara yaliyolowa, akatoa chini yake waridi jekundu. Lilikuwa limechoka, shingo imelegea, petali zimeanza kuwa za kahawia ukingoni. Watu huwapelekea wagonjwa maua; mgonjwa akiruhusiwa, au akifa, maua huishia kwenye pipa la wodi. Mama alikuwa amelitoa humo. Aliliweka kwenye kopo, akalisimamisha nje ya dirisha.

"Liangalie kutoka hapo hapo," alisema. "Humu ndani hakuna nafasi."

Nililiangalia siku nzima. Kesho yake nikaomba kipande cha mkaa, nikalichora ukutani karibu na kitanda. Nilijua nitachapwa. Mama aliutazama ukuta, akatoka kwenda kazini, na jioni akaja na ua jingine. Tangu hapo hakuacha, hata mguu wangu ulipopona. Hivyo ndivyo nilivyoyajua maua: yakiwa njiani kufa. Nilidhani kila ua shingo yake huinama.

Jambo jingine ninalolikumbuka la chumba kile ni mafua ya Mama. Alikuwa akipiga chafya kuanzia mlangoni hadi kitandani, macho mekundu, leso mkononi. Dada yangu alikuwa na utani wake. "Mafua ya Mama hayana likizo," alisema kila jioni, nasi tulicheka, Mama akacheka nasi, halafu akapiga chafya tena.

Nilipokuwa mtu mzima, nikifua nguo za watu, nilijiandikisha darasa la jioni la uchoraji. Siku ya kwanza mwalimu aliweka waridi bichi mezani. Wenzangu walichora walichokiona. Mimi nililiinamisha shingo, nikaziunguza petali ukingoni. Mwalimu alisimama nyuma yangu muda mrefu.

"Dada," akasema, "waridi la watu limekukosea nini?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nilitazama tena mezani, nikaona kweli ua limesimama wima kama askari. Sikuwa nimeliona. Nilihudhuria miaka mitatu bila kukosa, nikajifunza rangi, nikajifunza kivuli, lakini shingo za maua yangu hazikunyooka. Nilipozipeleka picha zangu kwa mwenye duka la kadi, alizipekua moja moja kwa heshima, akanirudishia.

"Mama, hizi ni kadi za harusi. Nani atampelekea bibi harusi ua la msiba? Jaribu kwa Randa."

Alikuwa anatania. Mimi nilikwenda kweli.

Hayo ndiyo maisha yangu ya uchoraji, na ni mafupi kuyasimulia. Hakuna picha yangu iliyotundikwa popote. Zote ziko chini ya ardhi.

Mama alifariki Jumanne, na mazishi yakapangwa Alhamisi mchana. Randa aliacha kazi nyingine zote. Jumatano asubuhi nilikuta kifuniko kiko mezani kwangu, kimegeuzwa, kingo zake zimelazwa juu ya magongo mawili.

"Pole sana, mama," alisema. "Chukua muda wako. Ila upande wa nje usiuguse, vanishi bado haijakauka."

Sikumwuliza mtu yeyote. Ningeuliza nini, na mimi ndiye niliyeletewa maua miaka yote ile? Nilinunua waridi jekundu, nikaliweka kwenye glasi, nikasali, nikachora. Lilitoka vizuri kuliko yote niliyowahi kuchora. Nilikuwa nalia na kujisifu kwa wakati mmoja, Mungu anisamehe.

Saa sita dada yangu alipita kuliona jeneza. Alipapasa mbao za ndani kwa kiganja, kisha akainama juu ya kifuniko.

"Hili ndilo la Mama?"

"Ndilo."

"Nani amekwambia alipenda waridi?"

"Dada, si alikuwa akiyaleta kila siku?"

"Alikuwa anakuletea wewe." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniuma. "Mimi sikumwona hata siku moja akinusa ua. Wewe ulimwona?"

Nilitafuta kichwani mwangu. Nilimwona akiyatoa kwenye ndoo. Nilimwona akiyaweka nje ya dirisha. Akiyanusa, hapana. Akikaa nayo karibu, hapana.

"Basi alipenda ua gani?" nikamwuliza.

"Unaniuliza mimi? Kitinda, mwenye maua katika nyumba yetu ni wewe." Ndivyo anavyoniita, kwa kuwa mimi ndiye wa mwisho. Akapangusa macho. "Nenda kwa Bibi Dekio. Walideki wodi moja miaka yote ile. Kama kuna anayejua, ni yeye."

Nilimkuta Bibi Dekio amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu yake ndani ya beseni la maji ya moto. Alisema anailainisha ili kesho imfikishe makaburini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa. Vuta kiti. Si hicho! Hicho mguu wake mmoja ni wa kuazima."

Nilikaa kwenye kingine, nikamweleza kazi yangu, ingawa aliijua. "Nimekuja kukuuliza kitu kimoja tu. Mama alipenda ua gani?"

Alicheka mpaka maji yakamwagika sakafuni.

"Mama yako? Ua? Mama yako na maua walikuwa paka na panya! Likipita shada moja tu mlangoni, chafya kumi, wodi nzima inaamka. Daktari alimwambia waziwazi, maua ni adui yako, kaa nayo mbali, ipo siku kifua kitaziba. Ikawa mimi natangulia kuyaondoa, ndipo yeye anaingia kudeki. Halafu saa ya kutoka, nageuka, namwona huyo amerudi kwenye pipa! Anachambua. Anayaficha chini ya matambara, maana kutoka na kitu cha hospitali ilikuwa marufuku. Halafu anabeba ndoo hivi." Alinyoosha mkono mbali na mwili, akageuza uso upande wa pili. "Utadhani amebeba nyoka. Nikamwambia, shoga, achana nayo, utakufa. Akanijibu, mtoto amechora ukutani."

Kicheko kilimwisha taratibu. Alinitazama.

"Hukujua?"

"Nilijua ni mafua."

"Mafua ya miaka kumi, mwanangu?"

 Alikoroga maji kwa kidole cha mguu. Kwenye cheti cha kifo cha Mama pameandikwa ugonjwa wa kifua. Sikumwuliza Bibi Dekio kama jambo moja ndilo lililoleta jingine. Sijamwuliza mtu yeyote mpaka leo.

Kesho yake nilifika karakana kabla ya Randa. Nilichukua msasa, nikaanza kulifuta lile waridi. Rangi ilikuwa imeshashika. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka, na bado ukabaki wekundu hafifu ulioingia ndani ya mbao. Randa alinikuta hapo.

"Unafanya nini? Ua zuri vile!"

"Lingempa chafya."

Alinitazama kama mtu anayetaka kuita watu. Kisha akaenda kunoa patasi ambayo haikuwa butu.

Nilichukua ndoo ya karakana, nikaipangusa, nikaiweka juu ya stuli pale ninapoweka glasi. Nilitaka kumchorea ndoo. Kitu hicho angalau nilikuwa na uhakika nacho. Lakini mkono wangu umezoea kitu kimoja tu. Mdomo wa ndoo ulifunguka kama petali. Mshikio ukapinda, ukalegea kama shingo. Nilifuta, nikachora tena. Nikafuta, nikachora mara ya tatu. Niliomba, "Mungu, nipe ndoo moja tu." Ilitoka vilevile.

Saa tano gari la kubebea jeneza lilisimama mlangoni. Dada yangu aliingia, akaja moja kwa moja mezani.

"Hili sasa ni ua gani?"

"Ni ndoo."

Aliinamisha kichwa, akatazama, akazunguka upande wa pili wa meza. "Naona ua, Kitinda."

"Najua."

Nilimweleza aliyoniambia Bibi Dekio, yote, na jinsi Mama alivyobeba ile ndoo. Alisikiliza amesimama. Nilipomaliza, alikaa juu ya rundo la mbao, na nguo yake nyeusi ya msiba ikashika unga wa mbao, hakujali.

"Mimi ndiye niliyekuwa namcheka," alisema. "Mimi."

"Tulicheka wote."

"Maneno yalikuwa yangu."

Randa alichungulia. "Mama, muda. Dereva anauliza."

"Tubadilishe?" nilimwuliza dada yangu. "Niache mbao tupu?"

Alitazama tena kile kifuniko. "Acha hivyo hivyo."

Mama alikuwa katika chumba cha maiti cha hospitali ile ile aliyoifagia. Ukumbi wa kwendea huko ulikuwa umedekiwa muda si mrefu, tukapita pembeni kwa pembeni tusiuchafue, kama alivyotufundisha. Alipokwisha kulazwa ndani ya jeneza, dada yangu alifungua mkoba wake, akatoa leso nyeupe iliyopigwa pasi. Aliikunja mara nne, akaiweka ndani ya kiganja cha Mama, akavifunga vidole juu yake kimoja kimoja.

"Kwa lile ua," aliniambia kwa sauti ndogo.

Kisha wakafunika.

Nilirudi kazini Jumatatu. Meza ilikuwa kama nilivyoiacha, na lile waridi nililonunua lilikuwa bado kwenye glasi. Siku zile chache zilikuwa zimelimaliza. Shingo imelegea, petali za kahawia ukingoni, moja imeanguka mezani. Lilikuwa limefika pale ninapojua kuyachora maua.

"Ndilo hilo," Randa alisema kutoka kwenye benchi lake. "Sasa limekuwa lako. Lichore."

Sikulichora. Nililichukua pamoja na glasi yake, nikafungua dirisha, nikaliweka upande wa nje.