Mama Anashika Waya

Fundi alilala chali chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango, bisibisi mdomoni. Gari lilikuwa la mke wake, nesi wa wodi ya wazazi: gari dogo la umeme, bampa la mbele limebonyea kwa kugongwa mara kwa mara katika maegesho ya hospitali. Nesi akiwa kazini, mtu analigonga na kuondoka. Ofisi ilisema ni mlinzi wa geti, eti husukuma magari ya watu akitafuta kivuli cha kuweka kiti chake. Asipopatikana mwingine kufikia Ijumaa, kazi hana.

"Kamera si ipo?" nesi aliuliza.

"Ipo. Ila gari likilala, nayo inalala."

Betri kubwa ya chini ya sakafu ingechemsha maji ya mtaa mzima, lakini gari likishafungwa haitoi hata tone. Ilibaki betri ndogo, ya taa na kufuli za milango. Fundi alipoiunganisha kamera nayo, ikakauka kabla ya jioni na milango ikagoma kufunguka. Nesi alirudi nyumbani kwa miguu.

Mama yake fundi alikuwa ameketi kwenye ngazi, simu za majirani zikichajiwa mapajani mwake. Alikuwa na umeme mwilini tangu alipojifungua kitinda mimba wake, kama wengine wanavyobaki na maumivu ya mgongo.

"Hicho kikamera kinakula sana?" aliuliza.

"Kidogo tu, Mama. Ila kinakula kutwa nzima."

"Na wewe ulinyonya kutwa nzima. Nilikufa?"

Asubuhi, kwenye maegesho ya hospitali, mama alipanda kiti cha nyuma na mto wake wa kukalia. Fundi alimpa waya mwekundu wa kamera mkono wa kulia, mweusi wa kushoto. Taa ya kamera ikawaka kijani. Fundi akapima umeme ule, akakuta umetulia tuli. Akapima tena kwa raha tu, kama mtu anayerudia wimbo.

Mama alikaa. Jua lililizunguka gari, hakuachia. Pua ilimwasha, akaikuna kwa bega. Mlinzi alimnywesha maji kupitia dirishani, wakapiga soga za wajukuu.

Mchana, mlinzi akiwa getini, mkurugenzi wa hospitali alirudisha nyuma gari lake refu, akaligonga la nesi. Alishuka, akakagua la kwake, akalifuta kwa leso. Kisha akamwona mama.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Akaondoka. Kamera ilinasa yote, pamoja na shikamoo.

Fundi alimpelekea mkurugenzi mwenyewe picha ofisini. Mkurugenzi aliitazama mara mbili.

"Picha safi sana. Na gari lilikuwa limezimwa?"

"Limezimwa na kufungwa."

"Umeme mmetoa wapi?"

"Kwa mama."

Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa heshima, akauliza kama mama angeweza kubeba wodi mbili siku umeme ukikatika. Kuhusu mlinzi, alisema uamuzi ulishapita.

Ijumaa, mama akiwa bado garini na nyaya zake, mlinzi alikuja kuaga, kiti begani, mkononi tochi ya ofisi ambayo haikuwa na betri tangu aajiriwe.

"Pole, mwanangu," mama alisema. "Nilishika mpaka mwisho."

"Nimeona, Mama. Hata chafya uliimeza."

Mama akaubana waya mwekundu kwa meno, akampa mkono wa kulia. Tochi ikawaka.

Mlinzi aliirudisha ofisini ikiwaka mchana kweupe. Karani aliibonyeza na kuibonyeza, ikakataa kuzimika, akamkabidhi mlinzi mpya hivyo hivyo. Huyo akaketi nayo getini, magoti yakimulikwa, wakati gari refu la mkurugenzi likirudi nyuma, polepole, kuelekea bampa la nesi.

"Mama, pumzika sasa," fundi alisema dirishani.

Mama, waya bado katikati ya meno, akatikisa kichwa kukataa. Taa ya kamera ilibaki kijani.